Breakers wa New South Wales: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudiwa na kurudiwa kuhusu timu ya kriketi ya wanawake ya New South Wales, Australia. Asiyeijua kabisa aanzie juu. Aliyekuja kwa ajili ya mabishano ya takwimu ateremke moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho.

## Mambo ya kuanzia

Breakers ni timu gani hasa?

Ni timu ya jimbo. Australia ina majimbo sita, na New South Wales, ambalo mji wake mkuu ni Sydney, ndilo lenye watu wengi kuliko yote. Breakers si timu ya taifa, na si klabu kama Simba au Gor Mahia. Kwa Mtanzania aliyeifuata Taifa Cup ya mikoa enzi zile, mfano uko karibu: wachezaji wanatoka klabu mbalimbali, kisha wanakusanywa kuvaa jezi ya jimbo na kupambana na majimbo mengine. Tofauti ni kwamba hapa majimbo ndiyo uti wa mgongo wa mchezo wenyewe. Huwezi kufika timu ya taifa ya Australia kwa njia ya kawaida bila kupita kwenye timu ya jimbo lako. Nimesema kwa njia ya kawaida kwa sababu kuna binti mmoja aliyeruka ngazi, na habari zake ziko kwenye sehemu ya wachezaji.

Jina lina maana gani?

Breakers ni yale mawimbi yanayoinuka kisha kuvunjikia ufukweni. Sydney ni mji wa bahari, kwa hiyo jina halihitaji maelezo marefu kwa mtu wa pwani. Timu ya wanaume ya jimbo hilohilo huitwa Blues, na rangi ya jimbo ni samawati.

Wanacheza mashindano gani?

Ligi ya Taifa ya Kriketi ya Wanawake, ambayo wengi huiita kwa herufi zake, WNCL. Ilianza msimu wa 1996–97 na timu tano: New South Wales, Victoria, Queensland, Australia Kusini na Australia Magharibi. ACT, yaani eneo la mji mkuu Canberra, iliingia 2009–10, na Tasmania ikafuata msimu uliofuata.

Mechi ni ya ova 50 kwa kila upande. Ova moja ni mipira sita, kwa hiyo timu ina mipira 300 ya kukusanyia mikimbio, yaani pointi za kriketi, isipokuwa wapigaji wake wamalizwe mapema. Aliyezoea ile kriketi fupi ya ova 20, kama ya mashindano ya Kwibuka kule Kigali, ajue hii ni shughuli ya kutwa nzima.

Mbona msimu mmoja unaandikwa kwa miaka miwili?

Kiangazi cha Australia huanza Desemba na kumalizika Februari. Msimu unaanza mwaka mmoja na kuishia mwaka mwingine, basi 2018–19 ni msimu mmoja tu.

Wana mataji mangapi ya WNCL?

Kuanzia 1996–97 hadi 2018–19 walitwaa 20. Katika kipindi hicho ligi ilichezwa misimu 23. Soma tena hesabu hiyo taratibu: walikosa mara tatu tu. Walichukua sita za kwanza mfululizo, wakateleza, wakachukua ya 2003–04, wakateleza tena, halafu kutoka 2005–06 hadi 2014–15 wakachukua kumi bila kupumzika, na mwisho wakaongeza tatu, kutoka 2016–17 hadi 2018–19. Na hata walipokosa kombe, walikuwa uwanjani siku ya fainali. Fainali 24 za kwanza za ligi hiyo, Breakers walikuwemo zote.

Kuhusu waliowafunga, tazama «Nani aliwahi kuwavua kombe?».

## Kabla ya ligi

Wanawake wa Sydney walianza lini kucheza kriketi?

Mechi ya wanawake iliyoandikwa ya zamani zaidi nchini Australia haikuchezwa Sydney. Ilichezwa Bendigo, Victoria, mwaka 1874, kuchangisha fedha za hisani. Watu wa Victoria hawachoki kuikumbusha.

Sydney jina la kulikumbuka ni Gregory. Ned Gregory alicheza ile mechi ya Testi, yaani mechi ndefu ya kimataifa ya siku kadhaa, ya kwanza kabisa ya wanaume mwaka 1877, akatoka bila hata mkimbio mmoja, akawa mtu wa kwanza katika historia kuondoka na sifuri katika Testi. Baadaye alikuwa mtunza uwanja mkuu wa Sydney, huu unaojulikana leo kama SCG (Sydney Cricket Ground). Binti zake walikulia kwenye nyasi hizo. Machi 1886, kwenye uwanja huohuo, timu mbili za wanawake zilipambana, Fernleas na Siroccos, na walioziongoza walikuwa mabinti wa Gregory. Baba anatunza nyasi, watoto wa kike wanaongoza timu: mwanzo gani mzuri zaidi ya huo?

Miaka mitano baadaye, 1891, Rosalie Deane alipiga 195 na 104 katika mechi moja hapo hapo Sydney. Mikimbio 299 kwa mechi moja, enzi ambayo mpigaji alisimama na sketi ya kufika chini.

Timu ya jimbo yenyewe ilianzishwa na nani?

Chama cha kriketi cha wanawake cha New South Wales kilianzishwa 1927, na aliyekisukuma zaidi ni Margaret Peden, akisaidiana na ndugu yake Barbara. Walitoka kwenye familia yenye jina. Baba yao, Sir John Peden, alikuwa rais wa Baraza la Kutunga Sheria la jimbo. Mwaka 1931 vyama vya Victoria, New South Wales na Queensland viliungana kuunda baraza la taifa, na Machi mwaka huo mashindano ya kwanza ya majimbo yakafanyika Sydney. Hayo ndiyo yaliyodumu, ukiacha miaka ya Vita Kuu ya Pili, mpaka WNCL ilipochukua nafasi yake.

Muundo wake ulikuwa tofauti na ligi. Majimbo yalikusanyika mji mmoja, yakacheza kwa siku kadhaa mfululizo, yakatawanyika. Mchezaji aliomba ruhusa kazini, akajilipia, akapanda treni. Muda mwingi ubingwa ulizunguka kati ya Victoria na New South Wales, na uhasama huo bado haujapoa.

Je, New South Wales ilichangia chochote kwenye Testi ya kwanza ya wanawake?

Ilitoa nahodha. England walikuja kwa meli mwaka 1934, kila mchezaji akijilipia nauli yake, na Testi ya kwanza ya wanawake duniani ikaanza Brisbane tarehe 28 Desemba. Margaret Peden aliongoza Australia, na Barbara naye alicheza Testi katika mfululizo huohuo.

Mambo hayakwenda vizuri. Australia walimalizwa kwa mikimbio 47, na Myrtle Maclagan wa England akachukua wiketi saba, yaani akawatoa wapigaji saba, kwa kuruhusu mikimbio kumi tu. Mechi ya pili, Sydney, Januari 1935, Maclagan huyohuyo akapiga mikimbio mia ya kwanza katika Testi za wanawake, mbele ya watu wa nyumbani kwa kina Peden. Malipizi yalikuja 1937: Margaret aliwapeleka wenzake England, na huko Northampton Australia wakapata ushindi wao wa kwanza wa Testi.

## Miaka ya kutawala

Walikuwa na siri gani?

Jibu la haraka ambalo watu hulitoa ni fedha. Si kweli. Mataji 17 kati ya hayo 20 yalipatikana kabla wachezaji hawajaanza kulipwa mshahara wa kuishi. Walimu, wanafunzi, madaktari wanafunzi na wafanyakazi wa ofisini ndio waliojenga ule ufalme. Habari za mshahara nimeziweka kwenye sehemu ya fedha.

Maoni yangu ni kwamba sababu ilikuwa rahisi zaidi, na haina mvuto wa kusimulia: msongamano. Sydney ina klabu nyingi za wanawake zinazokutana kila wikendi katika madaraja, na umbali kati yao ni wa mwendo wa gari. Msichana wa miaka 15 aliyepandishwa daraja alijikuta Jumamosi anamrushia mpira nahodha wa taifa. Akitoka hapo na akili yake timamu, mechi ya jimbo haikuwa na la kumtisha. Zaidi ya hayo, ratiba ya kimataifa ya wanawake ilikuwa nyembamba miaka ile, kwa hiyo nyota walikuwepo nyumbani muda mwingi. Na kwa kuwa mchezo haukulipa, nani angehama Sydney aache kazi na familia akachezee jimbo jingine? Walizaliwa hapo, wakabaki hapo. Kumbuka hoja hii. Ndiyo inayoeleza pia walivyoshuka.

Nani aliwahi kuwavua kombe?

Katika ile misimu 23: Victoria mara mbili, 2002–03 na 2004–05, na Australia Kusini mara moja, 2015–16. Ya Victoria ina ladha ya pekee, maana Belinda Clark, mtoto wa New South Wales, alikuwa amehamia huko. Ile ya Australia Kusini ndiyo iliyokata mnyororo wa makombe kumi.

## Wachezaji wanaoulizwa zaidi

Ni kweli mwanamke ndiye wa kwanza kupiga mikimbio 200 katika mechi ya siku moja ya kimataifa?

Kweli, na ni Belinda Clark, mzaliwa wa Newcastle, New South Wales. Desemba 1997, Mumbai, kwenye Kombe la Dunia, alipiga 229 dhidi ya Denmark na hakutolewa. Sachin Tendulkar wa India alipofika 200 kule Gwalior ilikuwa Februari 2010. Ukisikia mtangazaji anasema Tendulkar alikuwa wa kwanza, alimaanisha wa kwanza kwa wanaume, ila amesahau kumalizia sentensi.

Januari 2023 sanamu yake ya shaba ilizinduliwa nje ya SCG. Ni sanamu ya kwanza ya hadharani ya mwanamke mcheza kriketi popote duniani. Kwenye uwanja uleule ambao binti za Gregory walichezea mwaka 1886, ilichukua miaka 137.

Nani aliyechezea Australia kabla ya kuchezea jimbo lake?

Ellyse Perry. Julai 2007, akiwa na miaka 16, aliitwa timu ya taifa kucheza na New Zealand huko Darwin, wakati hajawahi kugusa mechi hata moja ya wakubwa ya jimbo. Wiki mbili baadaye akachezea Australia mpira wa miguu, akafunga bao. Breakers walimpata msimu uliofuata, yaani taifa lilimwazima jimbo badala ya kinyume chake. Mwaka 2011 alifunga bao dhidi ya Sweden katika Kombe la Dunia la soka, na 2017, kwenye Testi ya kwanza ya wanawake iliyochezwa mchana na usiku, North Sydney Oval, alipiga 213 bila kutolewa.

Alyssa Healy aliwahi kucheza na wavulana?

Ndiyo, shuleni. Mwaka 2006 alichaguliwa kulinda wiketi, yaani kudaka mipira nyuma ya mpigaji, katika timu ya kwanza ya Barker College, Sydney, akawa msichana wa kwanza kufanya hivyo kwenye mashindano ya shule binafsi za jimbo. Kulikuwa na watu wazima waliolalamika. Mwaka 2022, Christchurch, alipiga 170 kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Ni binti wa kakake Ian Healy, mlinda wiketi wa zamani wa Australia, na mume wake ni Mitchell Starc, mrusha mpira wa timu ya wanaume ya Australia, waliyejuana tangu utotoni kwenye timu za watoto za Sydney. Machi 2020 Starc aliacha ziara ya Afrika Kusini arudi kumtazama mkewe kwenye fainali ya Kombe la Dunia la ova 20, Melbourne, mbele ya watu 86,174. Healy alipiga 75 kwa mipira 39, kwa hiyo tiketi ya ndege haikupotea bure.

Na wengine?

Wako wengi, nataja wale ambao majina yao huja kwenye maswali.

Lyn Larsen aliongoza Australia kutwaa Kombe la Dunia la 1988. Lisa Keightley alikuwa mwanamke wa kwanza kupiga mia katika uwanja wa Lord's, London, mwaka 1998. Michelle Goszko alipiga 204 kwenye Testi yake ya kwanza, mwaka 2001.

Lisa Sthalekar alizaliwa Pune, India, akaasiliwa na kulelewa Sydney. Katika mechi za siku moja za kimataifa alikuwa mwanamke wa kwanza kufikisha mikimbio 1,000 na wiketi 100 kwa pamoja. Februari 2013, Mumbai, alidaka mpira wa mwisho wa fainali ya Kombe la Dunia kwa kujirusha, kisha akatundika gongo.

Alex Blackwell alikuwa nguzo ya jimbo tangu mwanzo wa miaka ya 2000 hadi 2018. Pacha wake, Kate, naye alichezea jimbo na taifa. Ashleigh Gardner, wa jamii ya Muruwari, ni miongoni mwa wanawake wachache wa jamii za wenyeji wa asili wa Australia waliofika timu ya taifa.

## Fedha

Walianza lini kulipwa?

Mwaka 2016. Kwa udhamini wa kampuni ya ujenzi ya Lendlease, Breakers walitangazwa kuwa timu ya kwanza ya wanawake ya ndani ya nchi, katika mchezo wowote Australia, kuwa ya kulipwa kikamilifu. Kima cha chini kilikuwa dola 35,000 za Australia kwa mwaka. Si utajiri kwa kodi za nyumba za Sydney, lakini kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuamka asubuhi na kwenda mazoezini kama kazi, badala ya kwenda kazini kwanza na mazoezini jioni akiwa amechoka.

Na timu nyingine je?

Mwaka mmoja tu baadaye. Katikati ya 2017 wachezaji wa Australia waligombana na bodi yao kuhusu mkataba, na wanaume walikataa makubaliano ambayo yangewaacha wenzao nyuma. Mgogoro ulipoisha Agosti, fungu la wanawake lilipanda kutoka dola milioni 7.5 hadi milioni 55.2, na wanawake wa majimbo yote wakaingizwa kwenye mkataba mmoja na wanaume.

## Baada ya 2019

Kwa nini waliacha kushinda?

Kuanzia 2019–20 hadi 2023–24 ni misimu mitano bila kombe. Australia Magharibi waliwafunga kwenye fainali ya kwanza kati ya hizo, Queensland wakachukua iliyofuata bila hata kukutana nao kwenye fainali, kisha Tasmania wakachukua tatu mfululizo.

Wapo wanaosema kizazi kilizeeka. Kiasi, ndiyo. Mimi narudi kwenye ile hoja ya msongamano. Mshahara ulipofika kila jimbo, mchezaji wa Sydney aliyekaa benchi alikuwa na pa kwenda. Perry alihamia Victoria 2019. Nicola Carey akaenda Tasmania. Kilichokuwa kikiwafunga wachezaji Sydney, yaani kazi, masomo na nyumba ya mama, kikafunguliwa.

Ukitaka kuiona hoja hiyo kwa macho, tafuta video ya ova ya mwisho ya fainali ya Februari 2023, Hobart. Australia Kusini walihitaji mikimbio minne kwa mipira sita, wakiwa na wiketi tano mkononi. Mtu yeyote mwenye kuujua mchezo angekuwa ameshaanza kukusanya vitu vyake aondoke. Mpira akapewa Sarah Coyte. Zikaanguka wiketi tano ndani ya ova hiyo moja, Tasmania wakashinda kwa mkimbio mmoja. Coyte ni mtoto wa New South Wales, aliyekuwa Breakers kwa miaka.

## Maswali ya pembeni na mabishano

Sydney Sixers na Sydney Thunder si ndiyo Breakers?

Hapana. Hizo ni timu za ligi ya ova 20, WBBL, iliyoanza 2015–16, na ni timu za miji. Mchezaji mmoja anaweza kuvaa jezi ya Breakers wiki hii na ya Thunder wiki ijayo, na hapo wenzake wa jimbo walioko Sixers wanageuka wapinzani. Fainali ya kwanza ya WBBL ilikuwa hivyohivyo: Thunder ya Alex Blackwell iliwafunga Sixers.

Canberra iko ndani ya New South Wales. Mbona ina timu yake?

Ukiangalia ramani, ACT imezungukwa na New South Wales pande zote, lakini kiutawala ni eneo linalojitegemea. Timu yake, Meteors, ni mpinzani kamili, ingawa wachezaji huvuka mpaka kwenda huku na huku.

Nimeona mahali idadi kubwa zaidi ya mataji. Nani amekosea?

Pengine hakuna aliyekosea. Wengine hujumlisha mataji ya mashindano ya zamani ya majimbo, yale ya 1931 hadi 1995–96, na wengine huongeza ya ova 20 ya majimbo, yaliyofutwa WBBL ilipokuja. Ukurasa huu unahesabu WNCL tu, hadi 2018–19. Kabla ya kubishana na mtu, muulize kwanza anahesabu nini.

Mollie Dive ni nani, na mbona jina lake liko uwanjani?

Nahodha wa New South Wales aliyeongoza pia Australia katika Testi kati ya 1948 na 1951. Ukienda North Sydney Oval kutazama mechi, jukwaa lenye jina lake liko pale pale.